Kalusha uwanjani, Kalusha ofisini

Bw McDonald Mariga alipochaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Kandanda nchini (FKF) Desemba 2024, mashabiki wengi walifurahi, wakisema hatimaye mtu aliyevaa njumu ameingia ofisini. Furaha hiyo ina sababu. Hata hivyo, yafaa tutazame yaliyompata Bw Kalusha Bwalya wa Zambia, maana ni wachezaji wachache sana wa Afrika walioingia katika uongozi na sifa kama zake.

Mzaliwa huyo wa Mufulira, mji wa machimbo ya shaba, ndiye aliyeifunga Italia mabao matatu katika michezo ya Olimpiki ya 1988, Zambia ikashinda 4-0. Mwaka huo huo akatajwa mwanasoka bora wa Afrika. Kisha, usiku wa Aprili 27, 1993, ndege iliyobeba timu ya taifa ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, ikaua watu wote 30 waliokuwamo. Kalusha hakuwamo. Alikuwa akiichezea PSV ya Uholanzi, na alikuwa awafuate wenzake Dakar kwa njia yake. Mwaka uliofuata aliongoza timu mpya, iliyokusanywa upesi upesi, hadi fainali ya Kombe la Afrika. Mtu wa namna hii akiomba kura, nani atamnyima?

Akawa rais wa chama cha kandanda cha Zambia mwaka 2008, akamwajiri Bw Hervé Renard, Mfaransa ambaye siku hizo hakujulikana sana. Renard aliondoka 2010. Oktoba 2011 kocha Mwitaliano, Bw Dario Bonetti, alifutwa kazi siku chache tu baada ya timu kufuzu, na Renard akarudishwa. Watu walilalamika. Februari 2012 Zambia iliishinda Ivory Coast kwa penalti 8-7 na kutwaa kombe, tena mjini Libreville, na malalamiko yakazimika.

Hapo ndipo penye neno. Lau Didier Drogba asingepaisha penalti yake dakika ya 70, uamuzi ule ule ungeitwa wazimu. Yaani rais wa chama alikuwa bado anahukumiwa kama mshambuliaji, kwa mabao.

Kombe hilo halikumlinda daima. Machi 2016 alishindwa na Bw Andrew Kamanga kwa kura 163 dhidi ya 156. Mwaka 2018 FIFA ilimfungia miaka miwili kwa kuvunja kanuni za maadili, zikiwamo za zawadi, katika uchunguzi uliomhusu Bw Mohamed bin Hammam wa Qatar. Alikata rufani, na mwaka 2019 adhabu ikapunguzwa hadi muda aliokwisha kuutumikia, faini nayo ikashuka kutoka faranga 100,000 za Uswisi hadi 10,000.

Mchezaji akitunzwa na tajiri baada ya mechi, hakuna anayeuliza. Ni desturi yetu kumtunza anayetufurahisha. Afisa akipokea kutoka mkono ule ule, atatakiwa aeleze kila senti, hata awe Kalusha.

Bw Mariga aliwahi kuwa Inter Milan ilipotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Wajumbe waliompigia kura hawatamwuliza habari za Milan. Watamwuliza malipo ya waamuzi na nauli za timu.