Mafunzo ya malezi yawafikie na akina baba

Mhariri,

Nawapongeza wahudumu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba kuzungumza na wajawazito na wazazi wa watoto walio chini ya miaka mitano.

Hata hivyo, huku Micheweni mhudumu akipiga hodi, aghalabu humkuta mama peke yake, naye yumo mbioni kuwahi mwani kabla maji hayajajaa. Baba yuko baharini, au amekwenda dago, kambi ya wavuvi. Ushauri wote humwangukia mtu mmoja aliyekwisha kuchoka, na mkono mmoja haulei mwana.

Napendekeza masheha na kamati za wavuvi watenge muda dikoni, vyombo vinaporudi, wahudumu wazungumze na akina baba kuhusu lishe, chanjo na kucheza na mtoto. Msimu wa karafuu nao, kina mama wanapochambua hadi usiku, majirani tupangiane zamu za kuangalia watoto.

Na sisi wepesi wa kumlaumu mzazi mchanga mtoto akilia, tumuulize kwanza kama amekula.

Msomaji wako,
Micheweni, Pemba