Ngozi ya panya si ngozi yetu

Makala kuhusu panya waliopakwa mafuta yenye mshubiri kwenye kidonda ni nzuri, ila mwandishi amechanganya mambo mawili: uvimbe kupungua na kidonda kufunga. Jaribio la uvimbe hufanywa kwa kumdunga panya karagini, kitu kitokacho kwenye mwani mwekundu na kuleta uvimbe, kwenye wayo, kisha kupima mguu unavyovimba kwa saa kadhaa, huku panya wengine wakipewa indomethasini, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa kulinganisha. Jaribio hilo halisemi lolote kuhusu kidonda kufunga. Tena uvimbe wa siku za mwanzo ni sehemu ya kupona.

Tukija kwenye kidonda, ngozi ya panya imelegea, hujivuta ikaziba pengo. Yetu hutegemea zaidi nyama mpya na ngozi kuota upya. Kwa hiyo "kilifunga haraka" sikatai, lakini haitoshi. Na kundi la kulinganisha lilipakwa mafuta yale yale bila mshubiri, au liliachwa hivi hivi? Mafuta matupu nayo husaidia, maana hulinda unyevu.

Ndugu wasomaji, msikamulie utomvu wa mshubiri wa shambani kwenye jeraha bichi. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni. Osheni kwa maji safi na sabuni, mwende zahanati.