ACHENI KUMCHEKA STAA WA GARI JEUPE, MCHEKENI FUNDI WAKE!

Haya wadau, ubuyu wa wiki mnao wote. Staa wetu mmoja, jina sitaji maana mnamjua na yeye anajijua, gari yake nyeupe imegoma kuwaka pale Forodhani. Jioni, watu wamejaa, mishikaki mkononi, simu juu. Klipu imezunguka kila grupu la WhatsApp kuanzia Malindi mpaka Makunduchi. "Kafulia." "Gari ya kuazima hiyo." "Punguza kiki, nunua betri."

Nunua betri? Yakhe, kanunua MBILI! Mtu wake wa karibu kanambia: ndani ya miezi mitatu jamaa kafunga betri mpya mara mbili na stata mara moja. Zote kwa ushauri wa fundi yule yule, na mara zote fundi hakupima chochote. Kafungua boneti, kasikiliza sekunde mbili, kasema "betri hiyo bosi", kapokea hela, kaondoka.

Sasa niambieni nani wa kuchekwa hapo.

Na wale vijana sita waliokuwa wanasukuma, mlikuwa mnafanya nini? Gari ile ni otomatiki. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata mkiita Unguja nzima. Pampu ya gia inazungushwa na injini, injini ikilala gia hazishiki, basi mnasukuma sanduku la bati tu. Mngetafuta gari nyingine na waya za kushtulia, dakika tano mmemaliza.

Gari inayogoma kuwaka inasema yenyewe inaumwa wapi, ukitulia kusikiliza. Ukipiga stata ikalia ka-ka-ka-ka haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia, umeme haufiki wa kutosha. Ikagonga "ko!" mara moja tu, taa zikabaki kali, angalia stata, hasa vile vipande vya shaba ndani yake vinavyopitisha umeme. Mara nyingi vinabadilishwa vyenyewe bila kutupa stata nzima, lakini fundi wako hatakwambia. Na kama injini inazunguka vizuri kabisa ila haishiki, achana na betri! Hapo ni mafuta au moto: pampu, filta, plagi, koili.

Klipu ya staa mkiisikiliza vizuri ni ka-ka-ka. Kwa hiyo fundi hakukosea kuwa shida ni umeme. Kosa lake ni kudhani umeme ni betri peke yake.

Kesho yake kijana mmoja wa umeme wa gari akaja na testa. Betri ikasoma volti 12.6, yaani imejaa. Akaweka ncha moja kwenye nega ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akamwambia mtu apige stata. Pale inatakiwa isome chini ya nusu volti. Ikasoma mbili na zaidi. Waya wa nega, ule mweusi unaokwenda kwenye bodi na injini, ulikuwa umeoza kwenye kiungo. Akaukata, akapiga msasa, akafunga kichwa kipya, akapaka grisi. Gari ikawaka mara moja. Hiyo ndiyo "kufulia" mliyokuwa mnaishangilia.

Na tunaishi wapi sisi? Kisiwani! Gari inalala Malindi au Mizingani, upepo wa chumvi unaipiga usiku kucha. Chumvi inakula viungo vya waya na joto linaua betri. Halafu safari zenyewe fupi, Darajani mpaka Kiembe Samaki, kiyoyozi juu, spika za kutikisa mtaa mzima. Alteneta haipati hata nafasi ya kurudisha umeme uliotumika kuwasha. Injini ikiwa inanguruma, betri isome kama 13.5 mpaka 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, na hata ukinunua betri kumi zote zitakufa.

Mtaniuliza, mbona kila akibadilisha betri gari inapona kwanza? Kwa sababu fundi akifungua vile vichwa anavitikisa, kutu inakwaruzika, vinashika kidogo. Wiki tatu unawasha vizuri, unamsifia fundi. Ikigoma tena, unarudi kwake na pochi. Biashara tamu kweli!

Najua mafundi mtakuja juu: mteja hataki kulipia kupima, anataka kuona kitu kipya kimefungwa. Hapo mna hoja, na wateja mjirekebishe. Mtu anatoa hela ya betri bila kuuliza, akiambiwa alipie nusu saa ya kupima anasema anaibiwa. Lakini testa haifiki hata bei ya betri moja. Fundi asiyekuwa nayo anapiga ramli.

Msione hii ni stori ya mastaa. Staa akigomewa na gari anaita nyingine, anarudi nyumbani, anaposti. Dereva wa Jambiani saa nane za usiku, mama mjamzito kiti cha nyuma, wanakimbilia Mnazi Mmoja, huyo anaita nani? Yeye pia fundi wake kamwambia "betri hiyo bosi". Yeye pia kakopa akanunua.

Sasa kwa wewe fundi wa staa, najua blogu hii unaisoma. Stata ya zamani uliyoichukua ukasema imekufa, tumesikia umeshaiuza, na huko ilikofungwa inawasha gari kila asubuhi. Mrudishie mtu hela yake.