TUFUNGUE SANDUKU



Kuna ubishi wa wazee wa Uingereza ambao sisi wa darasa la sita tunataka kuuleta mbele yenu, kwani unatuhusu kuliko munavyodhani. Ubishi wenyewe ni huu: sanduku lenye vipande vya kuunga gari la moshi dogo, lililokaa miaka sitini bila kufunguliwa, je, lifunguliwe ao libaki vile?

Tueleze kwanza. Katika mwaka 1959 kampuni moja ya Uingereza yenye kutengeneza pupe za kuchezea, jina lake Rosebud, ilianza kuuzisha masanduku yaliyoitwa Kitmaster. Ndani hamukuwa gari la moshi tayari. Mulikuwa vipande vya plastiki na karatasi ya kuonyesha kazi, na mtoto alipaswa kukata, kusugua na kubandika mwenyewe. Sanduku la kwanza lilikuwa la Rocket, masini ya Robert Stephenson iliyoshinda kule Rainhill katika mwaka 1829. Lakini kazi ile haikudumu. Mwishoni mwa 1962 kampuni ya Airfix ilinunua kalibu za kumiminia plastiki. Na katika mwaka 1968 masini za mvuke zenyewe ziliondolewa kwenye njia kubwa za reli za Uingereza. Watoto wa siku zile leo ni wazee, na kati yao kuko wenye kutafuta bado yale masanduku.

Wengine wao wanasema: sanduku lisilofunguliwa lina bei kupita masini iliyokwisha kuungwa, ukilifungua umetupa franga. Wengine wanajibu: lilitengenezwa kusudi liungwe. Sisi tuko upande wa hawa wa pili, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, mikono inafundisha akili. Tutwae Garratt, ambayo Kitmaster iliiuzisha pia. Mwenye kuibandika anaona wazi: kuna vikundi viwili vya magurudumu, kimoja mbele, kimoja nyuma, na boila imetundikwa katikati kama daraja. Kwa sababu hakuna magurudumu makubwa chini yake, boila inaweza kuwa nene. Kwa sababu uzito umegawanywa juu ya magurudumu mengi, reli haziumii. Kwa sababu kila kikundi kinageuka kwa upande wake, masini ndefu inapita kwenye kona bila taabu. Ndiyo maana Garratt zilifaa katika Afrika. Zile 34 za aina ya 59, zilizotengenezwa Manchester katika 1955 na 1956, zilikokota mizigo mizito toka Mombasa mpaka Nairobi. Mtoto aliyeiunga kwa vidole vyake anaelewa jambo hili mbele mwalimu hajaeleza.

Pili, kuna gundi. Gundi ile haishikishi tu, inayeyusha plastiki kidogo, na vipande viwili vinakuwa kimoja. Ukiweka nyingi, magurudumu yanakamatana na hayageuki tena. Hapo mtu anajifunza kwenda polepole, na hakuna kitabu kinachoweza kumufundisha vile.

Tunakubali neno moja: masanduku machache yatunzwe jinsi yalivyo, kusudi wajukuu waone namna yalivyotoka kiwandani. Hiyo ni kazi ya nyumba ya makumbusho. Lakini yote? Hapana.

Sasa mutauliza: hii inatuhusu nini sisi? Ndugu, katika masomo yetu kuko kabati la fizike. Tunakaribia kumaliza miaka sita, na masanduku mengine ya mule tunayajua kwa majina yaliyoandikwa inje tu. Tunachora masini ya mvuke kwenye kaye, tunapata pointi, basi. Lakini wadogo wetu nyumbani, wenye kutengeneza motokari kwa nyaya na vikopo, wanajua kutupita kwa nini gurudumu linageuka!

Tunafahamu sababu ya ile kufuli. Vyombo ni vya bei kali, na mikono ya wanafunzi inavunja. Ni kweli. Lakini chombo kinachozeeka ndani ya sanduku nacho kimepotea, ijapo hakikuvunjika.

Kwa hiyo tunaomba Bwana Prefe na walimu wetu, kwa heshima yote: kabati lifunguliwe mara moja kwa juma, nyuma ya saa za masomo. Sisi wakubwa tutasimama pale na daftari, tuandike kila chombo kinachotoka na kinachorudi. Kikivunjika, mwenye kukivunja atasaidia kukitengeneza.

Hatuombi kwa ajili yetu. Sisi tunakwenda kwenye mtihani wa serikali, kisha tunaondoka. Tunawaombea wale wa darasa la tatu, kusudi wasitoke hapa wakijua majina ya masanduku tu.