Mwacheni shangazi yangu na supu yake

Kuna swali nimelisikia mara nyingi mno wiki hizi hadi limeanza kunitia kichefuchefu. "Kama anaweza kukaa wiki mbili bila ugali, kisu cha nini tena? Si aendelee hivyo hivyo?" Wanaouliza si watu ambao hawakuona mlango wa shule. Ni watu wa digrii, wa ofisi zenye viyoyozi, wengine ni waandishi wa habari wenzangu. Na wanauliza huku wakicheka. Leo naomba niwajibu, na jibu langu halitakuwa la upole.

Anayechekwa ni shangazi yangu, mzaliwa wa Titye, kule Kasulu. Ana kisukari, ana presha, na magoti yake yamegoma kumbeba. Amejaribu kila kitu mnachokijua: chai za kupunguza tumbo, dawa za mitishamba, kufunga, kutembea alfajiri. Kilo zinashuka, kisha zinarudi na ndugu zao. Sasa madaktari wamekubali kumfanyia upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Wiki mbili kabla ya siku hiyo anatakiwa ale kwa masharti: kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo mno, sukari hakuna, mafuta kwa tone. Ninyi mliokulia Kigoma mnajua maana ya kumwambia Muha aliyelelewa kwa ugali wa muhogo na maharage ya mawese akae siku 14 akiutazama tu.

Kwanza tuelewane mlo huu ni wa nini, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Si adhabu ya ulafi. Si mtihani wa kupima kama mgonjwa ana nidhamu. Wala lengo lake kubwa si kupunguza kilo. Ni kwa ajili ya ini!

Ini limelala juu ya tumbo la chakula, na upande wake wa kushoto unalifunika. Upasuaji wa siku hizi hufanywa kupitia matundu madogo, kwa kamera na vyuma virefu. Ili daktari alifikie tumbo, lazima ini linyanyuliwe na kushikiliwa pembeni. Mtu mwenye unene mkubwa mara nyingi ini lake limejaa mafuta, limevimba, zito, na likiguswa vibaya linavuja damu. Daktari akishindwa kuona vizuri, anaweza kulazimika kupasua tumbo kwa jeraha refu, au kuahirisha kazi nzima. Ukipunguza wanga, ini linatumia akiba yake ya sukari, ile inayoitwa glaikojeni. Kila gramu 1 ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji, kwa hiyo akiba ikiisha na maji yanaondoka. Baada ya hapo mafuta ya ini nayo yanaanza kuyeyuka. Watafiti wa Australia waliwapima wagonjwa 32 kwa picha za ndani ya mwili katika wiki 12 za mlo wa namna hii, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006. Asilimia 80 ya kupungua kwa ini ilitokea katika wiki 2 za mwanzo. Ndiyo maana shangazi amepewa wiki mbili. Hazikuokotwa barabarani.

Haya, turudi kwenye lile swali la kejeli. Kwa nini asiendelee hivyo hivyo? Kwa sababu mwili wa binadamu haukubali. Ukipungua sana, homoni ya njaa inapanda, na mwili unajifunza kutumia nguvu kidogo ili urudishe kilichopotea. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti juu ya washiriki 14 wa lile shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser. Miaka 6 baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao bado ilikuwa inachoma nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hawa walikuwa na makocha na kamera juu ya vichwa vyao! Kwa upande mwingine, Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu wanene, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Ripoti yao ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Sasa niambieni, mvivu hapa ni nani? Ni anayekaa na njaa siku 14 ili akatwe sehemu kubwa ya tumbo na kumeza vitamini maisha yake yote, au ni yule anayetoa ushauri wa bure huku mdomo umejaa sambusa?

Tukubali kwamba sisi Wabongo tuna tatizo na mwili wa mtu mwingine. Akinenepa tunamwita bonge, akipungua tunamtangazia ugonjwa. Najua hofu hiyo ilikotoka. Ukimwi ulipotambuliwa nchini mwaka 1983, ulianzia Kagera, jirani zetu kabisa, na Uganda wakauita Slim kwa jinsi ulivyokondesha. Kizazi kizima kilijifunza kwamba mwenye kukonda amekanyaga miwaya. Lakini tangu wakati huo tumesoma, tuna simu zenye intaneti, na dawa za kufubaza virusi zipo. Bado shangazi akishusha kilo 4 jirani anamvuta pembeni kumuuliza kwa huruma ya uongo, "Umepima?"

Na ugonjwa wa unene si hadithi ya matajiri wa Masaki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, na ule wa 2022 ukakuta hali imezidi kupanda. Zamani mwenye uwezo alipanda ndege kwenda India. Kuanzia miaka ya 2022 na 2023, Muhimbili ya Mloganzila ikaanza kuweka puto tumboni na kufanya upasuaji wa aina hii hapa hapa nyumbani. Profesa Mohamed Janabi, akiwa mkurugenzi wa Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza WHO kanda ya Afrika, alituhubiria sukari na wanga hadi sauti ikakauka. Tulifanya nini? Tulimgeuza kichekesho cha mitandaoni.

Nasikia mwingine anasema, "Wewe mtoto wa Kasulu huoni aibu? Wilaya hiyo hiyo kuna kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa wakimbizi ulishushwa hadi asilimia 50. Watu wanalia njaa, shangazi yako anajinyima makusudi!" Hoja hii ina uchungu na siipuuzi. Utafiti ule wa 2015-16 ulikuta pia karibu watoto 4 kati ya 10 mkoani Kigoma wamedumaa. Lakini nionyeshe ni mtoto gani wa Titye au wa Nyarugusu atakayeshiba shangazi akifa kwa kisukari. Ugali wa muhogo mtupu unaomdumaza mtoto, na chai yenye vijiko 5 vya sukari inayomnenepesha bibi yake, vinatoka jiko moja. Umaskini wa mlo una sura mbili. Mwenye huruma ya kweli anazilia zote, hatumii moja kuipigia nyingine kofi.

Sasa niwageukie wataalamu, maana hata wao hawaponi. Shangazi alitoka hospitali moja ya Dar na karatasi ya mlo iliyoandikwa kwa Kiingereza: brokoli, jibini lisilo na mafuta, na maziwa ya unga ya kopo moja ambalo bei yake inanunua debe la maharage. Mgonjwa anayesoma Kiswahili! Nimekaa naye tukatafsiri, na mtaalamu wa lishe akapitia na kurekebisha. Mbona chakula kipo? Yai la kuchemsha. Mtindi usiotiwa sukari. Mgebuka wa kuchoma, au dagaa wa Kigoma waliochemshwa na nyanya badala ya kuogeleshwa kwenye mawese. Mchicha, matembele, kabichi. Supu iliyopozwa ikaondolewa mafuta yaliyoganda juu. Maharage kwa kipimo, kwa kuwa nayo yana wanga. Ugali, ndizi, chapati, soda, na hata asali ya Kibondo, vinasubiri. Hiki ni chakula cha sokoni, siyo cha supamaketi.

Karatasi ile pia haikuwa na neno kubwa kuliko yote: mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi hapaswi kuanza mlo huu kabla daktari hajamrekebishia dozi. Ukipunguza chakula na dawa ikabaki ile ile, sukari inaporomoka, mtu anaanguka. Hilo lilipaswa kuandikwa juu kabisa, kwa wino mwekundu, kwa Kiswahili.

Siku 4 za mwanzo zilikuwa ngumu. Kichwa kiliuma, mdomo ulitoa harufu, choo kilikuwa kigumu, hasira zilikuwa karibu. Maji yalimsaidia, na kulala mapema. Lakini adui mkubwa haikuwa njaa, bali watu. Kuna aliyemletea pilau la harusi "aonje tu". Kuna aliyesema kukataa chakula cha mgeni ni kiburi. Shemeji mmoja alimwambia mbele ya watoto kwamba ameanza uzungu uzeeni. Mwanamke huyu amepikia misiba ya ukoo miaka yote, na siku anaomba asilishwe tu, tunamnunia!

Kwa hiyo nasema wazi. Kila sahani unayomsukumia mgonjwa wa namna hii, unaisukumia kwenye lile ini ambalo daktari atalinyanyua. Unaingiza mkono wako chumba cha upasuaji bila kunawa. Kama unampenda, kaa naye ule anachokula jioni moja. Peleka pilau nyumba ya pili. Mwambie mgeni, kabla hajakaribishwa mezani, kwamba mama yuko kwenye matibabu. Na kama huwezi yote hayo, basi nyamaza, kunyamaza hakuna gharama.

Shangazi amebakiza siku 5. Jana usiku alinipigia simu akaniuliza kama chumvi kidogo kwenye supu inaruhusiwa. Nikamwambia kidogo inaruhusiwa. Akasema, "Basi mwanangu, nitafika."

Naomba kutoa hoja.