Nesi anapoandika dawa ya kifua

Wenye jamaa Toronto washaulizwa swali hili: mtoto kapelekwa kwa pumu, kaonwa na nesi, na dawa kaandika nesi huyo huyo? Bibi yuko Muscat kwenye simu, hakubali. "Daktari yuko wapi?"

Ontario imeruhusu hivyo kisheria tangu 1998. Nesi aliyesoma zaidi ya shahada ya uuguzi hupima, hutambua ugonjwa na huandika dawa, na wako wanaoshughulika na mapafu ya watoto tu. Kilichobaki kilikuwa pesa. Sheria ya afya ya Kanada ya 1984 ilizungumzia hospitali na madaktari, ikaacha mwanya, na baadhi ya wagonjwa wakajikuta wanalipa mfukoni kwa kuonwa na manesi hawa. Januari 2025 waziri wa afya wa wakati huo, Mark Holland, aliyaandikia majimbo: kuanzia 1 Aprili 2026, tiba ya lazima ambayo serikali ingeilipia akiifanya daktari, iilipie vilevile akiifanya nesi.

Mimi naunga mkono, kwa sababu ya pumu yenyewe. Pumu haitibiwi kwa siku moja. Dawa ya kuvuta ya kutuliza hufungua njia ya hewa, basi. Ile ya kinga hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa anacheza mpira, na hiyo ndiyo wazee tunayoikatiza kifua kikiacha kulia. Tena watoto wengi huvuta vibaya, dawa ikaishia mdomoni. Lazima mtu akae, amwangalie mtoto anavyovuta, amrudishe tena na tena. (Miaka yangu yote ya ualimu sikuona mwanafunzi aliyeelewa kwa kuambiwa mara moja.) Daktari mwenye foleni mlangoni atapata wapi nafasi hiyo?

Huku Ghuba twahama daktari hadi daktari, na nesi akituuliza habari za nyumbani twaona anatupotezea wakati. Kumbe swali lake ni la maana: nani anavuta sigara, na udi unafukizwa wapi? Moshi wa chetezo, hata uwe na harufu nzuri vipi, kwa kifua cha mtoto wa pumu ni moshi. Sisemi tuuache udi. Nyumba yenye mtoto huyo, chetezo kitoke nje.

Ninachohofia ni namna ya kulipa. Majimbo yakianza kuwahesabia manesi vichwa vya wagonjwa, nao watakuwa na foleni mlangoni, na yule mtoto atarudi nyumbani na dawa asiyojua kuivuta.