Mbwa Akiingia Ndani, Tuchague Vyombo kwa Vitenzi

Bukavu tumezoea mbwa wa nje: kazi yake ni lango, na chakula chake ni kilichobaki sahanini. Sasa ziko nyumba ambamo ameruhusiwa kuvuka kizingiti, hasa usiku na wakati wa mvua. Sioni ubaya. Ubaya ni kwamba tunamkaribisha katika salo isiyomtazamia: kanape za mahameli, tapi nene ya nailoni, rido zinazoburuzika sakafuni.

Vyote hivyo tulivipokea pamoja na majina yake ya Kifaransa, na sina ugomvi na maneno ya mkopo. Bila hayo nusu ya mazungumzo yetu yangekwama. Ila nomino haikwambii kitu kitasafishwaje. Kitenzi kinakwambia. Mkeka hukunjwa, hukung'utwa, huanikwa. Kigoda hupanguswa. Kitambaa cha pamba hufuliwa (nyumbani tungesema kinafulwa, mwalimu wa Kiswahili sanifu atusamehe). Kanape ya mahameli je? Haikung'utiki, haianikiki, haifuliki. Inabaki kupigwa brashi, na brashi huondoa manyoya ya juu tu.

Hili si suala la urembo. Mayai ya kiroboto hayanati kwenye manyoya ya mbwa. Hudondoka pale anapolala. Buu likianguliwa hukimbia mwanga na kujizika katikati ya nyuzi za tapi, kisha hujifungia ndani ya kifukofuko, hata kwa miezi, likingoja mtikisiko wa mnyama anayepita. Ukimwogesha mbwa ukaiacha tapi, umeacha kiota. Tena yuko funza, ambaye kwa watu wa vijijini kwetu hahitaji maelezo. Aliingia Afrika kutoka Amerika katika karne ya 19, mbwa ni mmoja wa wanyama wanaombeba, na makinda yake hukulia katika udongo mkavu na vumbi la sakafu isiyosakafiwa. Wanaolipa ni watoto, kwa nyayo zao.

Kwa hiyo mimi ningeanza na sakafu ya saruji iliyolainishwa, juu yake mkeka wa mafunjo, wa aina inayofumwa pande zote za Maziwa Makuu. Viti viwe vya mbao au vya henzirani, ambayo wasemaji wa Lingala huiita kekele, na mito yake ivuliwe foronya. Foronya ziwe za pamba. Tusidanganywe na rangi: si kila kitenge ni pamba. Choma uzi mmoja. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Wa poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu.

Nitaulizwa maji ya kufua yatatoka wapi, katika mji ambao watu hupandisha madumu mlimani kwa kichwa. Ndiyo hoja yangu hasa. Kukung'uta na kuanika hakuhitaji tone la maji, ilhali sponji ya kanape ikishalowa mkojo hunywa ndoo nzima, na katika mvua zetu za Septemba hadi Mei haikauki. Na tafadhali, mkojo usimwagiwe Javel: vikichanganyika hutoa mvuke unaochoma koo. Fyonza kwa kitambaa, osha kwa sabuni, toa juani.

Mkeka nao una udhaifu wake. Ukiachwa juu ya saruji yenye unyevu huota ukungu, na mbwa mchanga atautafuna pembe zote nne. Basi utanunuliwa mwingine, na ule wa zamani utaozea shambani chini ya migomba, jambo ambalo nailoni haiwezi.

Katika idara yetu tunapenda kukusanya nomino za mkopo. Anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo akusanye vitenzi vya usafi: amwendee bibi yake na kumwuliza kwa Mashi, Kihavu, Kilega au Kifuliru jinsi mkeka unavyokung'utwa, na kama kuna neno jingine pale ulipolaliwa na mbwa.